Minazi, Matumbawe na Joto la Bahari: Maswali ya Watafiti Yalivyobadilika Mafia

Mkazi wa Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, aliyezaliwa karibu na miaka ya uhuru amesikia wataalamu wakija na miito isiyofanana. Kwanza aliambiwa apande minazi na mikorosho, kwa kuwa taifa lilihitaji fedha za kigeni. Ikafuata zamu ya vijiji na ujamaa. Baadaye habari ikahamia baharini: baruti, juya, matumbawe, hifadhi. Siku hizi anasikia tabianchi, uchumi wa buluu, na asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ambayo mataifa yaliafikiana mjini Montreal mwaka 2022 kuwa italindwa ifikapo 2030. Kila wito umesindikizwa na utafiti. Haishangazi kwamba watu wanauliza kama wataalamu wa jana walikosea, au wanaokosea ni hawa wa leo.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimo katika kosa la upande wowote. Vipaumbele vya utafiti hubadilika kwa sababu kuu tatu: msiba unaotokea na kulazimisha macho kugeuka, mawazo mapya yanayoshika vyuo vikuu, na fedha. Mafia ni mahali pazuri pa kuzifuatilia sababu hizo, maana ni visiwa vichache vya pwani hii vilivyochunguzwa kwa muda mrefu hivyo, na vijiji vichache vilivyoulizwa maswali mengi kama Kanga.

Enzi ya mazao na ardhi

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanajiografia Oscar Baumann alipokizunguka kisiwa na kuandika habari zake, lililotafutwa lilikuwa orodha: watu, makazi, mazao, magofu, bandari. Serikali za kikoloni, ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza, zilitaka kujua kipi kinauzwa. Mafia ilikuwa na nazi na mbata, na kwa miongo mingi sayansi ya pwani iliinuka na kuanguka na mnazi.

Sayansi hiyo isidharauliwe. Mapema miaka ya 1950, mwanabiolojia Michael Way alichunguza huko Unguja jinsi majimoto, sisimizi wakali wanaojenga viota vya majani mitini, wanavyoulinda mnazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa na kuziangusha. Swali lilikuwa la mavuno, lakini jibu likawa la ikolojia: mdudu mmoja anamzuia mwingine, na mkulima anafaidika bila sumu. Leo utafiti wa namna hiyo ungepewa jina kubwa zaidi.

Mwaka 1979 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ukiwa na makao Mikocheni, Dar es Salaam. Ulipambana na ugonjwa wa kunyong'onyea unaoua minazi, na ulijaribu mbegu chotara zilizotarajiwa kuzaa mapema. Chotara hizo hazikuvumilia ukame na ugonjwa kama ilivyotumainiwa, na mnazi mrefu wa asili wa Afrika Mashariki ukarudi kupewa heshima yake. Udhaifu wa enzi hiyo unaonekana hapo: ilipima zao moja kwa wakati, bila kuuliza sana shamba lina nani, linarithiwaje, na nyumba inakula nini mwezi ambao nazi haina bei.

Aliyeuliza hayo hakuwa bwana shamba. Mwaka 1965 mwanaanthropolojia wa Uingereza, Pat Caplan, alifika katika kijiji cha kaskazini mwa Mafia ambacho kwenye vitabu vyake alikiita Minazini. Baadaye ilijulikana wazi kuwa ni Kanga. Swali lake la kwanza lilikuwa koo: mtu anaweza kudai ardhi kwa upande wa baba na wa mama pia, basi anachaguaje pa kuishi na pa kulima? Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *Choice and Constraint in a Swahili Community*, kilitoka 1975. Aliporudi mwaka 1985 aliuliza juu ya chakula, afya na uzazi. Mwaka 1997 alichapisha masimulizi ya maisha ya wanakijiji wenyewe. Katika safari za miaka ya 2000 alichunguza usasa na maana ya maendeleo kwa watu wa kisiwa hicho.

Vipaumbele vyake vilibadilika kama vya wengine, lakini mahali hapakubadilika. Kwa hiyo jibu la 1985 linaweza kusomwa kando ya jibu la 1965, jambo ambalo tafiti nyingi za kisiwa hiki haziruhusu.

Bahari yashika usukani

Kufikia miaka ya 1980, msiba uliovuta macho ulikuwa chini ya maji. Uvuvi wa baruti ulikuwa umeenea pwani nzima, na mlipuko mmoja ulivunja kwa sekunde matumbawe yaliyochukua miongo kukua. Mafia kwenyewe matumbawe yalichimbwa na kuchomwa kuwa chokaa ya kujengea. Mwamba wa Kitutia na ghuba ya Chole vilikuwa vimetangazwa maeneo tengefu tangu miaka ya 1970, lakini hapakuwa na boti wala askari wa kuyalinda.

Mwaka 1989 wapiga mbizi wa shirika la Frontier, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza kuhesabu samaki na kupima miamba. Mwaka 1991 wadau walikutana Mafia kujadili hifadhi, wanasayansi wakatoa kazi iliyoonyesha madhara ya uchimbaji wa matumbawe, sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikatangazwa. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822 na vijiji ndani ya mipaka yake.

Nguvu ya utafiti huu ni dhahiri. Bila takwimu za awali, hakuna ambaye angejua kilichopotea wala kilichorudi. Pia ulisaidia kutoa sheria, jambo ambalo tafiti nyingi hazifikii. Lakini mzani wake uliegemea upande mmoja. Kitovu kilikuwa ghuba ya Chole na miamba ya kusini, kwenye uzuri wa chini ya maji na hoteli za baadaye. Mashamba ya kaskazini, yanayolisha sehemu kubwa ya watu, yakatoka kwenye ramani ya wafadhili. Mtu wa Mafia ni mkulima na mvuvi kwa pamoja: mvua ikiharibu muhogo, bahari ndiyo hulipa deni. Kupima bahari peke yake ni kusoma nusu ya hesabu ya nyumba.

Mwaka 1998 na somo la joto

Hifadhi ikiwa bado changa, El Niño ya 1997 na 1998 ilipandisha joto la maji ya Bahari ya Hindi magharibi. Matumbawe yakapauka na mengi yakafa, yakiwemo ya Kitutia, ndani kabisa ya eneo lililolindwa. Ulinzi ulikuwa umezuia mikono ya watu, na haukuwa na uwezo juu ya joto.

Tukio hilo liligeuza utafiti wa pwani kuliko mkutano wowote wa kimataifa. Mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa CORDIO wa kufuatilia uharibifu wa matumbawe katika Bahari ya Hindi, ambao baadaye uliweka makao Mombasa. Swali halikuwa tena jinsi ya kuzuia uharibifu tu, bali ni miamba ipi inaweza kupigwa na kuinuka, na kwa nini. Wazo la ustahimilivu, ambalo mwanaikolojia C. S. Holling alilieleza tangu 1973, lilipata uwanja wa kujaribiwa. Joto lilirudi 2016, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaingia pwani ya Tanzania eneo la Mafia, katika latitudo ambazo vimbunga vilionekana kuwa habari za Msumbiji na Madagaska.

Faida ya mwelekeo huu ni kwamba uliunganisha kisiwa na dunia. Hasara yake ni kishawishi cha kuitwisha tabianchi kila mzigo. Samaki wakipungua, joto linatajwa upesi kuliko nyavu za matundu madogo au meli kubwa zilizo mbali na macho, kwa kuwa joto halina wa kushtakiwa.

Fani yapata jina, kisha yavutwa pande mbili

Oktoba 2000 wanasayansi walikutana Friibergh, Uswidi, na Aprili 2001 waandishi 23 wakatangaza katika jarida la *Science* uwanja walioutaja kuwa sayansi ya uendelevu. Walitaka mazingira na jamii vichunguzwe kama mfumo mmoja, na maswali yatungwe pamoja na watu wanaoyaishi. Mwandishi wa kwanza alikuwa Robert Kates, mwanajiografia wa Marekani.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mwaka 1967 Kates alikuwa Dar es Salaam, akiongoza idara mpya ya tathmini ya rasilimali na mipango ya ardhi, BRALUP, ambayo sasa ni Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Idara hiyo ilishughulikia ukame, maji, mafuriko na kilimo kwa pamoja, kwa sababu serikali changa haikuwa na nafasi ya kuvitenganisha. Wanaoiona sayansi ya uendelevu kuwa mzigo uliotoka Ulaya wanasahau kwamba sehemu ya mazoezi yake ilifanyika hapa nyumbani.

Mwaka 2009 ukaivuta fani pande mbili. Elinor Ostrom alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuonyesha kuwa watu wanaotumia msitu, maji au samaki kwa pamoja wanaweza kujiwekea kanuni na kuzitunza, kinyume na utabiri wa Garrett Hardin wa 1968 kwamba mali ya wote lazima iangamie. Mwaka huohuo Johan Rockström na wenzake wakachora mipaka tisa ya sayari ambayo binadamu hapaswi kuivuka. Uchambuzi wa 2023 ulisema sita imekwisha kuvukwa. Ostrom aliwaita watafiti washuke kijijini. Rockström aliwaita wapande wautazame ulimwengu wote. Mkanganyiko mwingi wa leo unatokana na miito hiyo miwili kufika kisiwa kimoja kwa wakati mmoja.

Sayari, jamii, haki au vyombo?

Wanaoanza na sayari wana hoja ambayo haiwezi kupuuzwa. Kijiji hakina namna ya kupoza bahari, na bila lengo la dunia kila nchi itangoja nyingine. Kasoro iko kwenye safari ya namba. Asilimia 30 inayokubaliwa mezani huangukia mahali fulani, na mahali hapo huwa na mtu anayetega dema au anayetafuta pweza kwa miguu maji yakipwa. Ni rahisi pia kwa serikali kujaza asilimia kwenye maji ya wavuvi wadogo kuliko kwenye maji yenye leseni kubwa.

Wanaoanza na jamii wanaelekeza kidole kwenye kufunga miamba ya pweza. Katika miaka ya 2010 Jibondo, kusini mwa Mafia, ilijaribu utaratibu huo: mwamba unafungwa kwa miezi kadhaa kwa makubaliano ya wenyeji, kisha unafunguliwa. Pweza hukua upesi sana na haishi muda mrefu, kwa hiyo matokeo yanaonekana ndani ya msimu na watu wanaamini walichokiona. Huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko semina. Hata hivyo chewa, anayechelewa kukua na kuzaa, hawezi kutendewa kama pweza. Na mwanamke anayeitegemea miamba ya karibu kwa kitoweo cha siku ndiye anayebeba gharama ya kufunga, wakati mwenye mashua anaweza kwenda kwingine. Tafiti zinazopima kilo za siku ya ufunguzi bila kupima njaa ya miezi iliyotangulia zinatoa picha nzuri kuliko hali ilivyo.

Msimamo wa tatu huanza na haki. Christine Walley, aliyefanya utafiti katika kisiwa cha Chole miaka ya 1990, alionyesha katika *Rough Waters* (2004) jinsi ahadi ya ushirikishwaji ilivyonaswa kwenye urasimu na ushindani wa taasisi. Tor Benjaminsen na Ian Bryceson waliandika mwaka 2012 kwamba uhifadhi nchini, bara na pwani, umekuwa ukiwaondolea wenyeji mamlaka hatua kwa hatua. Mwaka 2015 Vera Moshy, Bryceson na Rosemarie Mwaipopo walichunguza maisha ya wavuvi ndani ya hifadhi ya Mafia na uwezo wao wa kuhimili mabadiliko. Kazi hizi zinaeleza jambo ambalo hesabu ya samaki haielezi: kwa nini kanuni nzuri kwenye karatasi hupingwa majini. Upungufu wake ni kwamba zinaeleza vizuri nani aliumia kuliko zinavyosema ni nyavu zipi zitumike msimu ujao, na mwenye dhamana ya kuamua hubaki mikono mitupu.

Kuna pia wanaotegemea vyombo. Tangu 2012 watafiti wa papa potwe karibu na Kilindoni wamewatambua samaki hao mmoja mmoja kwa madoa ya ngozi, na kuwafunga vifaa vya sauti. Iliaminika kuwa msimu wa kuonekana kwao, takriban Oktoba hadi Machi, ukiisha wanaondoka. Vifaa vilionyesha kuwa wengi hubaki mwaka mzima, wakihamia tu maji ya kina zaidi na mbali kidogo na ufuo. Ni ugunduzi halisi, wenye maana kwa ulinzi na kwa wanaopeleka wageni kuogelea nao. Lakini mnyama mkubwa, mpole na wa kupendeza hupata fedha upesi. Muhogo haupigwi picha na watalii, na majimoto hana mfadhili.

Nani hulipa, na kwa miaka mingapi

Hapa ndipo ilipo sababu nzito kuliko zote. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, ilijengewa uwezo kwa miongo kwa msaada wa Uswidi. Benki ya Dunia iligharamia mradi mkubwa wa usimamizi wa bahari na pwani kuanzia 2005. Shirika la uhifadhi la WWF lilianza kazi Mafia kabla hifadhi haijatangazwa, kisha likapanua upeo hadi Rufiji na Kilwa, eneo ambalo mwaka 2004 liliorodheshwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Bila fedha hizo tungekuwa gizani, na kuzilaani si haki.

Ila fedha za mradi zina kalenda yake, mara nyingi miaka mitatu hadi mitano. Matumbawe, mikoko na urithi wa ardhi havifuati kalenda hiyo. Mradi ukiisha, vipimo hukatika. Ukija mwingine, huja na swali jipya, mbinu mpya na viashiria vipya, na namba za zamani hazioani na za sasa. Hivyo kisiwa kilichotafitiwa sana kinaweza kubaki bila mfululizo wa takwimu unaotosha kujibu swali jepesi la mvuvi: samaki wamepungua kiasi gani tangu zama za baba yake?

Uzito wa kila upande

Ikipimwa kwa pamoja, kila enzi iliongeza swali lililokuwa likikosekana. Kosa limekuwa kuacha kila swali la zamani mara jipya linapoingia, na hali ya sasa inaonyesha gharama yake katika mambo mawili.

La kwanza ni mto Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Maji, udongo na virutubisho vya mto huo hulisha delta yenye mikoko mingi kuliko zote Afrika Mashariki, na delta inatazamana na Mafia ng'ambo ya mlango wa bahari. Kamba wa maji hayo ni riziki ya wavuvi, na wale wadogo ni chakula cha potwe. Bonde la mto huo lilichunguzwa miongo mingi kabla, bwawa lilipokuwa wazo tu. Anayetaka kujua mabadiliko lazima awe na vipimo vya kabla na vya baada, katika vituo vilevile. Vigezo vya sayari havitoshi kwa kazi hiyo, wala kikao cha kijiji peke yake, wala vifaa vya sauti vya msimu mmoja.

La pili ni ardhi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani Mafia. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya 66,000. Viwanja vya pwani vinatafutwa, mashamba yanagawanyika, na swali lililoulizwa Kanga mwaka 1965, la nani ana haki ya kulima wapi na kwa ukoo upi, limerudi likiwa na bei juu yake. Mpango wowote wa kuhimili tabianchi unaomtaka mkulima apande miti ya miaka 30 utasimama au kuanguka kwa jibu hilo. Ajabu ni kwamba swali hili, lililoonekana limepitwa na wakati bahari iliposhika usukani, ndilo lenye kumbukumbu nzuri zaidi, kwa kuwa mtafiti mmoja alirudi kijiji kilekile kwa zaidi ya miongo minne.

Kwa mizani hiyo, kipaumbele kinachostahili nafasi ya kwanza ni mwendelezo: vituo vichache, vya nchi kavu na majini, kaskazini na kusini, vinavyopimwa kila mwaka kwa njia moja na watu wa Mafia waliofundishwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Gharama yake ipo. Fedha zinazokwenda kwenye mwendelezo hazitakwenda kwenye ugunduzi mpya, na mtafiti kijana hapandi cheo kwa kurudia kipimo cha mwenzake. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, na inaweza kuanza bila kungoja mfadhili. Kila kibali cha Mafia kiwe na sharti kwamba takwimu ghafi zihifadhiwe kwenye makao ya wilaya, Kilindoni, kwamba muhtasari wa Kiswahili upelekwe kwenye serikali ya kijiji kilichochunguzwa, na kwamba anayeleta swali jipya aoneshe kwanza amesoma majibu ya waliomtangulia.